Ule mwezi wa Bismarck ni wa uongo, na hela ya shangazi yangu irudi

Wakuu, salamu baadaye. Leo nimekuja na povu. Asiyependa uzi mrefu apite, nyuzi za mpira ziko nyingi.

Nimo kwenye grupu moja la wapenzi wa anga hapa Mwanza. Silitaji, wenyewe watajijua. Niliingia nikiwa na furaha kabisa, maana tangu niko shule ya msingi mimi ni wa kulala chali juu ya jiwe nyuma ya nyumba yetu, Nyamanoro, nikiangalia nyota mpaka mama apige kelele kwamba mbu watanimaliza. Mtaani nilikuwa peke yangu kwenye ugonjwa huu. Nikadhani nimepata wagonjwa wenzangu. Kumbe nimeingia jukwaa la watu ambao hawajainua shingo tangu wanunue simu.

Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa. Kupatwa kamili, si kipande. Kuanzia saa 2:30 usiku hadi saa 3:52, dakika 82, mwezi mzima ndani ya kivuli cha dunia, mwekundu, na hapa kwetu ulikuwa umeshapanda vizuri tu. Hakuna kiingilio, hakuna bando. Unatoka nje, unatazama mashariki, upande wa Igoma, basi.

Mimi nilikuwa juu ya jiwe langu na darubini ya kuazima. Nikabandika kamera ya simu kwenye jicho moja la darubini, mkono unatetemeka, nikapiga picha zaidi ya arobaini, moja ikatoka na nafuu. Haikuwa nzuri, sidanganyi. Ilikuwa kama kaa la moto linalozimikia kwenye majivu, na pembeni limevimba kidogo. Lakini ilikuwa yangu, ya usiku ule. Nikaituma kwenye grupu.

Majibu: "Dada hii nyanya umeinunua soko gani?" Mwingine: "Edit mbaya hii, jifunze." Stika za kucheka zikamwagika kama mvua ya vuli.

Dakika kumi baadaye mtu akatuma picha ya Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani hapa mjini, nyuma yake mwezi mwekundu mkubwa kuliko jiwe lenyewe, maji ya ziwa yanawaka, na kule mbali mstari wa taa za wavuvi wa dagaa. Mapenzi! Mioyo! "Mwanza yetu!" "Mungu ametupendelea!" Admini mwenyewe akaiweka kuwa picha ya grupu. Ipo mpaka leo.

Sasa nisikilizeni. Nilimwonesha mama ile picha. Mama yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Hajui Mirihi wala Mshtarii, na ukimwambia habari za roketi anakuuliza kama umeosha vyombo. Akaitazama kwa sekunde moja, akasema: "Hizo taa za nani, na mwezi mkubwa hivyo?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Dagaa wanavuliwa gizani. Wanafuata taa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo siku zile wavuvi wako nchi kavu wanashona nyavu na kudaiwa. Daftari la madeni la mama linakwenda kwa giza na mbalamwezi, halina habari na kalenda ya ukutani. Na mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu, maana ni lazima dunia ikae katikati yake na jua. Kwa hiyo usiku wa kupatwa ziwa halina mstari wa taa. Aliyetengeneza picha ile kwa akili mnemba aliiambia "Mwanza, ziwa, wavuvi, mwezi", ikamchanganyia vyote kwenye sufuria moja. Mama akaona chumvi imezidi kabla hajaonja.

Tena si hilo tu. Ukisimama mjini ukitazama Bismarck na maji nyuma yake, unatazama magharibi. Mwezi mpevu huchomoza mashariki jua linapozama. Saa 3 usiku uende kufanya nini huko Kamanga? Akatokea mbishi mmoja: "Labda kapiga akiwa kwenye mtumbwi." Sawa, kaa kwenye mtumbwi utazame mashariki, nyuma ya jiwe utaona nini? Mji! Hoteli, vilima, mabati. Siyo maji.

Niliyaandika haya kwa adabu kabisa, neno kwa neno. Nikajibiwa "mjuaji". Nikajibiwa "tulia dada, hii ni sanaa". Kama ni sanaa, semeni sanaa! Msiandike "LIVE kutoka Mwanza sasa hivi". Na kuna kaka mmoja, huyu ndiye aliyenichoma, akaandika: "Mwanamke na nyota wapi na wapi, we mganga?"

Kaka, tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa mahususi kuchunguza mionzi ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, hapo Kenya. Ilirushwa siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Neno la kwetu, hilo hilo unaloimba kila Desemba. Meneja wa mradi ule kule NASA alikuwa Marjorie Townsend. Marjorie si jina la mwanamume.

Niliiandika hiyo pia. Ikapata laiki mbili, moja ya shangazi.

Halafu kinachonishangaza ni kwamba hawa hawa siku mbili nyuma walikuwa wamejaa uzalendo. Ijumaa tarehe 5 ilikuwa miaka 48 tangu chombo cha anga cha Voyager 1 kirushwe, mwaka 1977. Ikapostiwa: "Tujivunie, Kiswahili kimo kwenye sahani ya dhahabu inayosafiri kati ya nyota." Watu amina, amina. Mimi kwa kiherehere changu nikasema jamani, ile ni sahani ya sauti iliyofungwa kwenye chombo hicho, salamu mle ziko kwa lugha 55, Kiswahili hakimo. Kiganda kimo. Ndiyo, majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wamewasalimia viumbe wa huko, Kinyanja nacho kimo, sisi hatumo. Inauma, hata mimi iliniuma nilipoisikiliza orodha nzima usiku mmoja nikisubiri "hamjambo" ambayo haikuja. Bando la usiku likaishia hapo. Lakini ndivyo ilivyo. Nikaitwa msaliti. Kwa sahani iliyotengenezwa Marekani kabla sijazaliwa!

Ni ushabiki wa Simba na Yanga umehamishiwa angani, wakuu. Kuna timu ya roketi hii na timu ya roketi ile, wanatukanana usiku kucha kuhusu tajiri asiyewajua, kisha muulize mmoja wao aoneshe Kilimia, kile kishada cha nyota, kiko wapi. Anafungua programu kwenye simu! Wazee walijua Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, wakapanga jembe kwa hilo. Huyu wa kwetu anahitaji mtandao ushike kwanza.

(Nikiri na langu: mimi pia ni mlevi wa simu. Usiku ule wa kupatwa, katikati ya zile dakika 82, nilishuka kwenye jiwe mara tatu kuangalia nani kajibu picha yangu. Mara tatu. Mama alikaa kwenye kigoda muda wote kajifunga khanga, akatazama mwanzo mpaka mwisho. Mwezi ulipofifia akasema, "Wangejua giza linakuja wangebaki majini." Ndiyo ripoti bora niliyoisikia usiku ule, na haikupostiwa popote.)

Agosti nayo nilivumilia. Mnakumbuka ule ujumbe kwamba tarehe 2 Agosti 2025 dunia nzima itakuwa giza dakika sita? Grupu letu lilikuwa kiwanda cha kuusambaza. Ukweli ni kwamba ni kupatwa kwa jua, tarehe ni hiyo lakini mwaka ni 2027, na giza lenyewe la dakika 6 na ushee ni kwenye ukanda mwembamba tu, refu kuliko yote karibu na Luxor, Misri. Mwanza haimo kwenye ukanda huo. Siku ile jirani yetu hakufungua genge mpaka saa 9 alasiri. Nyanya zake zikalainika. Nani alimlipa?

Tufike kwenye hela sasa, maana ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Mwanagrupu mmoja alikuwa anauza "miwani maalumu ya kupatwa kwa mwezi". Shilingi elfu nane. Shangazi yangu, ambaye mimi mwenyewe kwa ujinga wangu ndiye niliyemwingiza kwenye grupu, akanunua. Kumtazama mwezi! Mwezi ambao mtoto mchanga anautazama mgongoni kwa mama yake! Miwani ni ya jua. Ile ya kweli inazuia mwanga karibu wote, ndiyo maana ukiivaa usiku huoni kitu. Shangazi alikaa uani na miwani yake usoni, saa nzima, anatazama giza. Nilipompigia simu akaniambia, "Mwanangu, huku kwetu mwezi haujatoka." Nikamwambia shangazi, vua. Akavua. Nikamsikia anasema "Heee!" taratibu, kisha akakata simu.

Nimemwandikia muuzaji faragha mara nne. Tiki mbili za bluu, kimya. Nimemwandikia admini. Kasema biashara za wanachama hazimhusu, ila picha yangu ya "nyanya" ilimhusu, aliifuta.

Mkuu unayeuza, najua unasoma humu. Elfu nane. Namba ya shangazi unayo, ndiyo hiyo uliyopokelea.

NYONGEZA: Nimeondolewa kwenye grupu nusu saa baada ya kuweka uzi huu. Shangazi bado yumo, ndiye ananitumia skrinshoti. Hii ya sasa hivi ni tangazo jipya: miwani ile ile, sasa elfu kumi, ya kupatwa kwa jua tarehe 21 Septemba. Kupatwa huko kupo kweli. Kutaonekana New Zealand, na kunaanza huku kwetu ikiwa saa 2:29 usiku.