Mzee ana sukari, sasa moyo umechoka. Hizi dawa zote aendelee nazo?

Kitinda Mimba: Wakuu, naombeni ushauri. Baba ana miaka 67, kisukari cha aina ya pili mwaka wa 14 huu. Anatumia metformini na pioglitazoni. Mwezi uliopita miguu ikaanza kuvimba, usiku halali bila mito mitatu. Kipimo cha eko kimeonyesha moyo unasukuma damu kwa asilimia 32 tu. Kaandikiwa furosemidi, enalaprili, karvediloli, spironolaktoni na dapagliflozini. Hiyo ya mwisho nasikia ni ya sukari, na sukari yake haisumbui. Ya nini tena? Pale kwa daktari nilikuwa nimechanganyikiwa, sikuuliza.

Nesi Mstaafu: Mdogo wangu, kinachonitisha ni pioglitazoni. Inafanya mwili ushike maji, na moyo ukishashindwa haitakiwi. Daktari anajua kwamba bado anaimeza? Mpigie leo. Metformini haina neno kama figo ziko vizuri.

Kitinda Mimba: Dah. Mzee alisema tu "natumia vidonge vya sukari".

Bingwa wa Maswali: Dapagliflozini ilianza kama dawa ya sukari kweli, inaitoa kwa njia ya mkojo. Lakini utafiti wa DAPA-HF wa mwaka 2019, wagonjwa 4,744, ulionyesha inapunguza vifo na kulazwa kwa moyo kushindwa, na zaidi ya nusu yao hawakuwa na kisukari. Kwa hiyo hapo kapewa kwa ajili ya moyo.

Mama Mapacha: Mama yangu yuko nayo mwaka wa pili. Fangasi sehemu za siri zilimsumbua mwanzoni, mzee asione aibu kusema. Siku akitapika au asipokula, muulizeni daktari kuhusu kuisimamisha kwa muda, damu inaweza kujaa asidi hata sukari ikisoma vizuri. Apime uzito kila asubuhi akishakojoa: kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, hayo ni maji. Akikosa pumzi akiwa ametulia, hospitali moja kwa moja.

Nesi Mstaafu: Na magoti yakiuma asiguse diklofenaki wala ibuprofeni. Wazee wanazificha chini ya mto!

Kitinda Mimba: Nimempigia. Pioglitazoni imesimamishwa leo hii, wiki ijayo anapimwa figo na potasiamu kwa sababu ya enalaprili na spironolaktoni kwenda pamoja. Diklofenaki nimezikuta, si chini ya mto, kwenye mfuko wa koti. Mizani yetu mshale umekwama kwenye 60, natafuta nyingine.