Kampuni za maudhui, masoko ya kazi au mteja wako mwenyewe: mwandishi wa kujitegemea aegemee wapi?

Kalamu_Tulivu:
Wakuu, naomba tulinganishe kwa uwazi. Nimeajiriwa, jioni naandika makala za mtandaoni, na sasa nafikiria kuacha ajira. Naona njia tatu: kampuni za maudhui zinazogawa oda na kulipa kwa neno, masoko ya kazi ya mtandaoni kama Upwork na Fiverr, au kusaka wateja mwenyewe. Ipi inalipa, na ipi inamchosha mtu bure?

Bi_Mhariri:
Ndugu, bei ya neno isikudanganye, hesabu saa. Chukua oda ya maneno 600 kwa senti 2 za dola kila neno. Ni dola 12, si haba. Sasa soma maelekezo: neno kuu, yaani lile watu wanalolitafuta Google, litokee kwenye kichwa na aya ya kwanza, vichwa vidogo vinne, vyanzo viwili ambavyo si vya washindani wa mteja. Utafiti saa moja, kuandika saa moja na nusu, kisha mhariri anairudisha, nusu saa nyingine. Umepata dola 4 kwa saa. Mada hiyohiyo ikiwa unaijua nje ndani unaimaliza kwa saa moja, na dola 12 zote ni za saa hiyo. Wanaofaidi huko ni wale walioshika mada chache wakaziacha nyingine zipite.

Faida ipo, tusiibeze. Hujipigi debe, humbembelezi mtu, na malipo yana ratiba. Ila kuna kupimwa: kampuni ya Textbroker, kwa mfano, humpa mwandishi nyota, na nyota ndizo zinazoamua kiwango chake cha malipo.

Nukta_Mkato:
Ratiba ya malipo ni tamu mpaka kampuni itikisike. Kampuni ya Demand Media, waliokuwa na tovuti ya eHow, walilipa waandishi wengi takriban dola 15 kwa makala. Februari 2011 Google ikabadili namna ya kupanga matokeo yake, badiliko lililoitwa Panda, tovuti za makala za harakaharaka zikaporomoka kwenye matokeo ya utafutaji, na kazi ikapungua. Associated Content nayo ilinunuliwa na Yahoo mwaka 2010, ikaitwa Yahoo Voices, ikafungwa 2014. Aliyekuwa akionyesha makala zake za huko kama sampuli alibaki na viungo vilivyokufa. Kwa hiyo hifadhi nakala ya kila unachochapisha, leo hii.

Wino_Mweusi:
Mimi niko masokoni. Fiverr inakata asilimia 20 ya mapato yako. Upwork mwaka 2016 iliweka makato ya ngazi, asilimia 20, 10 na 5 kadiri mapato yako kwa mteja mmoja yanavyokua, ikaweka 10 kwa wote mwaka 2023, kisha ikabadili tena. Sheria ni zao, wewe unasaini tu. Na muda wa kuandika maombi ya kazi haulipwi na yeyote. Hata hivyo mteja mmoja anayerudi kila mwezi anafidia mengi, na tathmini nzuri inabaki kwenye wasifu wako.

Dada_Rasimu:
Naongeza jambo linaloniuma. Kampuni moja ya maudhui ilinifungia akaunti kwa sababu programu yao ya kutambua akili mnemba ilidai makala yangu haikuandikwa na binadamu. Nilituma rasimu zote, nikajibiwa na ujumbe wa kiotomatiki. Pesa iliyokuwa kwenye salio sikuiona. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, shaka ya namna hii inamwangukia hata mwandishi safi. Andikia kwenye faili linalotunza historia ya mabadiliko, na usiache salio lilale. Likifika kiwango cha kutoa, toa.

Kalamu_Tulivu:
Pole sana dada. Na wateja wa moja kwa moja? Jina langu linatokea?

Bi_Mhariri:
Inategemea mkataba. Kwenye kampuni mara nyingi unauza haki zote na jina halitokei, hivyo miaka inapita bila mtu kujua umeandika nini. Kwa mteja wako unaweza kuomba jina, au ruhusa ya kuonyesha kazi kama sampuli. Bei unapanga wewe. Shida yake ni kudai. Kuna wanaopokea makala leo na ankara wakaisahau. Mteja mgeni alipe nusu kabla hujaanza, na idadi ya marekebisho iandikwe.

Wino_Mweusi:
Mkuu, ajira usiiache kwanza. Chukua oda za kampuni katika mada mbili unazozimudu, jenga sampuli zenye jina kwingineko, na kila wiki tuma maombi machache kwa wateja unaowataka. Mapato ya wateja hao yakilipia gharama zako za mwezi kwa miezi kadhaa mfululizo, andika barua ya kuacha kazi.

Nukta_Mkato:
Naunga mkono. Na kabla ya kusaini popote, soma kifungu cha kufungiwa akaunti. Tazama kama pesa uliyokwisha kuifanyia kazi inalipwa au inapotea.