Mjadala: Ruzuku ya mbegu za Friesian inamaliza zebu wetu?

Mwanzisha mada:
Wakuu, kila kampeni ya uhimilishaji (kupandisha kwa mrija, bila dume) huja na wimbo uleule: zebu, ng'ombe wetu wa nundu, anatoa lita moja au mbili kwa siku, mpandishe kwa mbegu ya Friesian, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya. Chotara wa kwanza anakamuliwa vizuri, hilo sibishi. Lakini ustahimilivu wake wa joto, kupe na nyasi kavu ameurithi kwa mama mwenye nundu. Mpandishe tena Friesian, na bintiye vilevile, utapata mnyama wa pumba, josho na daktari kila mara. Na zebu wakiisha, huyo chotara wa kwanza atazaliwa na nani?

Ruzuku iende kwa madume bora wa zebu. Boran wa Kenya, naye zebu, aliboreshwa hasa kwa kuchagua, kutoka kwa ng'ombe wa Waborana wa kusini mwa Ethiopia. Chama cha wafugaji wake kipo tangu 1951, na viinitete vyake vimefika hadi Australia.

Jirani wa Lambo:
Mkuu, Boran alichaguliwa na wenye ranchi, uzio na daftari. Huku mifugo ya kijiji kizima inanywa lambo moja, dume yeyote anapanda. Utachaguaje? Mimi ada ya watoto inatoka kwenye maziwa ya chotara.

Mla Kiporo:
Tusiseme "asili" kana kwamba ilishuka na mvua. Nundu chimbuko lake ni Asia, bonde la Mto Indus. Zilipofika Afrika zilikuta ng'ombe wasio na nundu, na Ankole, yule wa pembe ndefu, ametokana na pande hizo mbili. Hata watafiti wetu Dodoma walichanganya: ng'ombe wa Mpwapwa ana Red Sindhi na Sahiwal (zebu wa Asia), zebu wa hapa, na damu ya Ulaya kidogo. Nyama na maziwa kwa pamoja, kwenye ukame. Leo nani hapa anaye zizini?

Mwanzisha mada:
Umenipa hoja, ndugu. Mpwapwa alichanganywa kwa mpango, damu ya Ulaya ikawekewa kikomo. Sasa hivi mtaalamu anakuja na mirija ya mbegu aliyonayo, anapandisha, anaondoka, hakuna anayeandika ndama alikuwaje. Kuhusu lambo: wafugaji wetu wanahasi tangu enzi za mababu, na dume humchagua kwa kumtazama mama yake. Kijiji kikubaliane madume watatu, wengine wahasiwe.

Jirani wa Lambo:
Haya, kaanze na dume wa jirani yangu. Ukitoka salama utusimulie.