Ghala la karafuu Chake Chake: niweke ulingo wa ngumi au mikeka ya MMA? Naomba ushauri

MwanaGombani (mwenye uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Pemba, nje kidogo ya Chake Chake. Marehemu baba kaniachia ghala alilokuwa akiwekea karafuu, mita 9 kwa 6, sakafu ya saruji, bati bado zima. Tangu mwaka jana vijana wa mtaani wanakuja jioni kufanya mazoezi, siku nyengine 12, siku nyengine wanafika 20. Mie nilicheza ngumi za ridhaa miaka minne nilipokuwa nikiishi Temeke, basi ndio nawaelekeza.

Kifaa chetu ni gunia tulilolijaza vitambaa vya mafundi cherehani, na mchanga kidogo ili lipate uzito. Mchanga umeshuka wote chini, pale pa kupigia mbavu pamekuwa jiwe. Wiki iliyopita kijana mmoja kachunika vifundo vyote vya mkono wa kulia. Nikaona basi, lazima tununue vitu vya maana.

Katika fedha za karafuu nimetenga milioni 4. Zinatosha jambo moja: ama nichongeshe ulingo na kununua glovu, ama nitandike mikeka tuingie MMA, ule mchezo wa kuchanganya ngumi, mateke na mieleka. Vijana nikiwauliza, karibu wote wanataka MMA, simu zao zimejaa vipande vya UFC, yale mashindano makubwa ya MMA ya Marekani. Lakini Januari 2024 bondia Hassan Mwakinyo alipopigana Unguja, barza letu lilijaa hadi watu wakakaa juu ya baiskeli zao, na mama yangu mwenyewe alisimama mlangoni kutazama. Barza kujaa kwa ajili ya UFC sijapata kuona. Mapambano yao makubwa mengi huku hufika alfajiri ya Jumapili, kila mtu huyatazama peke yake kwenye simu.

Sitaki kuwapotezea vijana muda wao. Mchezo upi una watu, na upi utawafikisha mahali?

Mtu_wa_Keko

Ngumi, ndugu yangu, bila kufikiri mara mbili. Huku Bara kuna kamisheni ya ngumi za kulipwa, TPBRC, kuna mapromota, kuna mapambano kwenye televisheni, kuna mashabiki wanaolipa kiingilio. Na si jambo la leo. Titus Simba kaleta medali ya fedha ya michezo ya Jumuiya ya Madola 1970, Michael Yombayomba kaleta dhahabu kutoka Kuala Lumpur 1998, na Birmingham 2022 Mbundwike na Changalawe wakarudi na shaba. Mwakinyo mwenyewe aliitwa dakika za mwisho kwenda Birmingham Septemba 2018, akammaliza Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili mbele ya watu wa kwao. Kijana wa Tanga huyo! Sasa nionyesheni Mtanzania aliyefika hapo kwa MMA.

Kijana_wa_Mchangani

Kaka wa Keko, unatazama nyuma sana. UFC ya kwanza ilipigwa Denver mwaka 1993. Kufika 2021, mabingwa watatu kwa wakati mmoja walikuwa wamezaliwa Afrika: Usman na Adesanya wa Nigeria, Ngannou wa Kameruni. Watatu! Na Ngannou aliingia ulingo wa ngumi mara yake ya kwanza kabisa, Riyadh Oktoba 2023, akamwangusha bingwa wa ngumi Tyson Fury raundi ya tatu. Alishindwa kwa pointi tu, na majaji wenyewe hawakukubaliana. Vijana wa leo hawa ndio wanaowajua. Mimi nina miaka 22, katika marafiki zangu wote hapa mjini hakuna anayeweza kunitajia bingwa wa dunia wa ngumi uzito wa kati, lakini wa UFC wanamjua hata mdogo wangu wa skuli. MwanaGombani, hao vijana wako wamekwishakwambia wanachotaka. Wasikilize.

Mtu_wa_Keko

Na miezi minne na ushei baadaye Ngannou huyohuyo alilazwa na bondia Anthony Joshua raundi ya pili. Malizia habari, mdogo wangu.

Kijana_wa_Mchangani

Sawa, kweli alilazwa. Lakini mlimtazama, na nyote mlikuwa mkiingoja siku hiyo.

Mzee_Ngambo

Wanangu, salaam. Nina miaka 71, mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja. Naona mnazungumza kama kwamba Zanzibar ngumi ni jambo la kuazima kutoka Bara.

Mjomba wangu alikuwa mpiga ngumi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mchezo ukapigwa marufuku hapa Visiwani. Jioni moja mjomba akazifunga glovu zake kwa kamba ya usumba, akazitia juu ya dari, na mazungumzo ya ngumi yakaishia hapo. Alipofariki 1987 tulizishusha. Ngozi imekauka, imepasuka kwenye kidole gumba, ile kamba haijawahi kufunguliwa. Mie nilizishika nikalia kuliko nilivyolia mazikoni.

Karibu miaka 60 ilipita mpaka Rais Hussein Mwinyi alipouruhusu tena mchezo, na mwaka 2023 ngumi zikapigwa hapa Unguja mbele ya watu. Nilikwenda. Watazamaji walikuwepo tele, wake kwa waume. Tulichokipoteza miaka yote ile ni walimu. Hakuna kijana wa makamo yenu Unguja wala Pemba aliyefundishwa kujikinga na baba yake, kwa sababu baba naye hakufundishwa. Ndiyo maana vijana wanajifunza kwenye simu, na kwenye simu MMA ndiyo inayofika kwanza. Mwanangu wa Chake, wewe ni mwalimu, nao hao hawakuwahi kuwa na mwalimu. Usiwapime kwa wanachokitaka kabla hujawaonyesha unachokijua.

Maalim_Tatami

Mzee wangu, maneno yako yamenigusa, Mungu akupe umri.

MwanaGombani, mie nafundisha judo, mchezo wa Kijapani wa kuangushana, hapa Unguja. Mwenzetu Mjapani aliuleta mchezo huu hapa miaka ya 90 na mpaka leo upo, na Olimpiki ya Rio 2016 Tanzania ilipeleka mcheza judo, Andrew Mlugu. Nakwambia hivyo ili ujue kwamba mchezo mgeni huota hapa, ila huota kwa mwalimu anayekaa. Nani atakufundishia hao vijana mchezo wa chini, yaani kukabana mkiwa sakafuni? Kukaba shingo ni jambo la sekunde chache mtu kupoteza fahamu. Mwenzake asiyezoea kuachia anapogongwa mkono mara mbili, ishara ya kusalimu amri, ni hatari kubwa. Hilo halifundishwi na video.

Halafu hesabu yako ya ulingo. Ulingo wa mashindano ya ridhaa ndani ya kamba ni mita 6.10 kila upande, na nje ya kamba bado unahitaji ukingo. Ghala lako upana mita 6. Hauingii! Hata ukichonga mdogo, wanapigana wawili na 18 wanasimama ukutani. Mkeka mmoja wa judo ni mita 1 kwa 2. Ukipata 18 umefunika mita za mraba 36, na juu yake utafundisha ngumi zako zote.

Nesi_Wete

Naunga mkono mikeka, na sababu yangu ni nyengine. Anayepigwa akaanguka, mara nyingi kinachomuumiza zaidi ni kisogo kinapogonga sakafu. Una saruji tupu hapo na watoto 20, kaka yangu. Mie hilo tu limeninyima usingizi.

Na kofia za kichwani zisiwadanganye. Zinazuia kuchanika, ubongo unatikisika vilevile. Ngumi za ridhaa za wanaume wakubwa ziliziondoa tangu 2013. Kijana akipigwa akaona kizunguzungu, akatapika au akasahau alipo, siku hiyo amemaliza, na asirudi kupigana mpaka aonwe na daktari. Walio chini ya miaka 15 wafundishe miguu, kamba na gunia, kichwani wasiguswe. Vilinda meno kila mtu na chake, wasiazimane.

Nawe hujasema habari ya akina mama zao. Nenda kawaone nyumba kwa nyumba. Mama akijua mtoto yuko wapi jioni na nani anamwangalia, hatouliza kama ni ngumi au MMA.

Mtu_wa_Keko

Nesi kanizidi hoja. Mimi nilikuwa nafikiria ulingo kwa sababu ya sura yake, mtu akiingia aone ni klabu. Mikeka, basi. Ila glovu usinunue za bei ya chini kabisa, sponji yake hujikunja kwa mwezi na mnarudi kulekule kwenye vifundo kuchunika. Chukua za aunsi 14 au 16 za kupigania mazoezini. Jozi nne nzuri hushinda kumi mbovu.

MwanaGombani (mwenye uzi)

Nimesoma yote, nikatoka nikakaa ghalani peke yangu baada ya Isha. Harufu ya karafuu bado imo kwenye kuta. Nilipima kwa utepe: upana ni mita 5.85. Ulingo ungenila pesa zote na usingeingia.

Mzee wangu wa Ng'ambo, shikamoo. Jana niliwakusanya vijana nikawasimulia habari ya glovu za mjomba wako. Walikuwa hawajui hata mmoja kwamba ngumi ziliwahi kukatazwa hapa. Yule aliyechunika mkono, ambaye ndiye mpenzi mkubwa wa UFC, akaniuliza wazee wa Pemba nao walikuwa wakipiga ngumi? Sikuwa na jibu. Nimemtuma akawaulize barzani.

Nafundisha ngumi, kwa sababu ndizo ninazozijua. Mikeka kwanza, glovu jozi nne, gunia jipya lisilo na mchanga. Kijana_wa_Mchangani, sijakupuuza mdogo wangu: akipatikana mwalimu wa kweli wa mchezo wa chini, mikeka itakuwepo. Klabu nitauliza utaratibu wa kuisajili Baraza la Michezo.

Maalim, hiyo mikeka 18 naweza kupata iliyotumika huko Unguja? Na unaweza kuvuka japo siku mbili utufundishe kuanguka?

Maalim_Tatami

Ninayo 11 iliyochakaa kingo lakini moyo wake mzima, 7 nitakutafutia. Kuanguka ndilo somo la kwanza kwetu, siku mbili zinatosha kuanzia. Nitumie ujumbe faraghani. Ijumaa wiki ijayo napanda boti, nitafutie gari ya kubebea mikeka kutoka bandari ya Mkoani.

Nesi_Wete

Jumamosi niko mapumziko. Nitakuja na daftari niwapime presha na uzito wote kabla hawajaanza. Waambie wasinywe soda kabla.