Tupeane uzoefu: kuishi kwa kuhariri podikasti ukiwa Arusha au Moshi

Mwanzisha uzi, Sakina, Arusha

Ndugu zangu, salaam. Nimefungua uzi huu ili sisi tunaojiajiri kwa kuhariri podikasti za watu wengine, hapa Arusha na kule Moshi, tusimuliane jinsi tulivyojifunza kazi hii na jinsi tulivyompata mteja wa kwanza, wa pili na hasa wa tatu, kwa kuwa wa kwanza mara nyingi ni ndugu na wa pili ni rafiki wa huyo ndugu. Naomba kila mmoja aandike yaliyomkuta yeye mwenyewe.

Naanza mimi. Nilikuwa fundi mitambo katika redio moja ya hapa mjini, nikaamini kwamba mtu aliyekaa miaka sita mbele ya mitambo hana la kujifunza kwenye podikasti. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa mazungumzo ya dakika 52 kati ya mwenye kampuni ya utalii na waongoza watalii wawili wa Mlima Kilimanjaro. Nilisafisha kelele, nikaweka muziki wa kufungulia, nikaikabidhi. Mteja akaisikiliza garini akiwa njiani kwenda Karatu, kisha akanipigia simu kunieleza kwamba mgeni wake akiongea analazimika kupandisha sauti, na akiongea yeye mwenyewe spika zinataka kupasuka. Redioni kosa kama hilo lingepita na upepo, na kidole changu kingekuwa tayari kwenye kitufe. Huku lilikuwa limeshagandishwa ndani ya faili.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za kipimo cha LUFS, kinachopima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia. Apple Podcasts inapendekeza kipindi kiwe karibu na -16, Spotify inalenga -14, na kilele cha sauti hakitakiwi kuvuka desibeli -1. Nikadhani nimepona. Kumbe kipindi kinaweza kufika -16 sawasawa huku mzungumzaji mmoja akinong'ona na mwenzake akifoka, kwa sababu namba hiyo ni ya kipindi kizima. Ilinibidi nijifunze kuisawazisha kila sauti kwenye traki yake kwanza, sehemu nyingine neno kwa neno kwa mkono, kisha kuipitisha kwa upole kwenye kompresa, yaani kifaa cha programu kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, na mwisho kabisa ndipo nipime kipindi chote. Mteja yule nilimrudishia kazi yake bila kumdai nyongeza, na mpaka leo kila kipindi nakisikiliza mara moja ndani ya gari la jirani yangu kabla ya kukituma. Jirani ameshazoea.

Dada wa Rau, Moshi

Nashukuru kwa uzi huu, kaka. Mimi sikutokea redioni. Nilijifunzia nyumbani kwa programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, nikirekodi mazungumzo ya mama na shangazi zangu wakichambua maharage. Walimu wangu wakubwa walikuwa friji na mvua. Friji huvuma kwa sauti moja isiyobadilika, kwa hiyo ukirekodi sekunde kumi za chumba kikiwa kimya, programu inaijua sauti hiyo na kuipunguza mazungumzoni. Mvua juu ya bati haishikiki hivyo, kwa maana inabadilika kila nukta, na ukiilazimisha programu iiondoe, wazungumzaji wanabaki kama wanaongea ndani ya chupa. Tangu hapo namwambia mteja mapema kwamba mvua ikianza, asimamishe kurekodi na ampe mgeni chai.

Hata hivyo, kosa lililonifunza kazi lilikuwa la kuhariri kupita kiasi. Nilipewa mahojiano na mzee mmoja wa Kibosho, mkulima wa kahawa, yaliyorekodiwa na kijana aliyekuwa akiandaa podikasti kuhusu mashamba ya wazee wa mlimani. Nilikuwa nimetazama video nyingi za mafunzo, karibu zote za Kiingereza, na zote zilifundisha jambo moja, yaani kuondoa kigugumizi, kuondoa ukimya, kuondoa kila kinachochelewesha. Basi nikakata. Nikaondoa shikamoo na marahaba, nikaondoa habari za nyumbani, za mifugo na za mvua, nikaondoa kila «yaani» na kila «sasa mwanangu», nikabana kila ukimya uliozidi nusu sekunde, na dakika 48 zikawa 29. Nilijiona fundi.

Binti wa mzee aliposikilizishwa kabla ya kurushwa, alisema, «Huyu si baba. Baba haongei kama mtu anayedaiwa.» Nilirudi kwenye rekodi ya awali, ambayo kwa bahati sikuwa nimeifuta, nikasikiliza upya mahali alipoulizwa kwa nini aling'oa mibuni aliyoachiwa na baba yake. Alikuwa amenyamaza sekunde tisa. Kikombe kinasikika kikiwekwa mezani, kisha anajibu kwa maneno manne tu. Mimi nilikuwa nimezibana zikawa nusu sekunde, na jibu lake likasikika kama la mtu asiyejali.

Sasa nafuata utaratibu huu: namkata mwuliza maswali kabla ya kumgusa mjibuji, naacha salamu walau ya kwanza kwa sababu msikilizaji wa Kiswahili anapima adabu ya mwenyeji kutokana na hiyo, na ukimya unaofuata swali zito siugusi mpaka niwe nimeusikiliza mara tatu. Pumzi pia haikatwi katikati. Ama unaiacha yote ama unaiondoa yote, vinginevyo mtu anasikika kama anazama majini. Yule kijana ndiye aliyenipa wateja wawili waliofuata, na wote walikuja wakisema wameambiwa kuna dada wa Rau ambaye haharibu wazee.

Mkazi wa Njiro, Arusha

Mimi nitazungumzia wateja wa nje, kwani ndio wanaonilisha. Nilijiandikisha Upwork na Fiverr, mitandao ya kutafutia kazi za kujiajiri, kwa wakati mmoja, na kwa miezi minne nilituma barua za maombi nilizozitunga kwa makini, nikijieleza kwamba mimi ni mchapakazi, ninazingatia muda na ninapenda sauti. Hakuna aliyejibu. Siku moja, kwa uchovu zaidi kuliko kwa akili, nilichukua dakika mbili za kipindi cha mtu wa New York aliyekuwa ametangaza kazi, kipindi ambacho tayari kilikuwa hewani, nikaondoa mwangwi kadiri nilivyoweza, nikalainisha herufi «s» zilizokuwa zikichoma sikio, nikamtumia sauti ya kabla na ya baada, na sentensi mbili za kueleza nilichofanya. Alijibu kabla sijalala. Tangu hapo sijaandika tena kwamba mimi ni mchapakazi.

Masaa yanatusaidia kuliko tunavyodhani. New York iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi yao na saa saba wakati wa kiangazi, kwa hiyo mteja anatuma faili jioni yake, mimi naamka nalikuta, na yeye anapoamka kazi imekwisha. Anaona kama mambo yanafanyika kwa miujiza, nami simkatishi tamaa.

Kinachoumiza ni bando. Faili la WAV la saa moja, la stereo, lenye ubora wa kilohezi 48 na biti 24, lina uzito wa takriban gigabaiti 1, na mteja mwenye wageni watatu anaweza kutuma manne ya aina hiyo. Siku hizi naomba yatumwe kwa mfumo wa FLAC, ambao hupunguza uzito bila kupoteza chochote cha sauti, na kama kila mtu ana maiki yake moja naomba mono, yaani sauti ya njia moja badala ya njia mbili za stereo, kwa kuwa stereo ya mtu mmoja ni kubeba gunia tupu. Kupandisha kazi nafanya usiku wa manane. Kuna usiku faili lilifika asilimia 97, umeme ukakatika mtaa mzima, na likaanza upya. Nilikaa gizani nikicheka peke yangu, mke wangu akadhani nimepokea habari mbaya.

Kuhusu makato, wenye kuanza wajue kwamba Fiverr huchukua asilimia 20 ya malipo ya muuzaji, kwa hiyo kazi ya dola 25 inakuachia dola 20 kabla ya gharama za kuzileta fedha huku. Mimi hupokea kwa Payoneer, huduma ya kupokelea malipo ya nje, kisha nahamishia benki, na hungoja zikusanyike ili nisikatwe mara kwa mara kwa fedha kidogo.

Mchangiaji wa Ngarenaro, Arusha

Kaka wa Njiro ana bahati kwamba mitandao hiyo inashikilia fedha ya mteja kabla kazi haijaanza. Sisi wa wateja wa hapa mjini tunashikilia neno la mtu. Nilihariri vipindi vitano vya mtu mmoja kwa makubaliano ya shilingi 40,000 kila kimoja, malipo baada ya kumaliza vyote. Vilirushwa vyote, vikasifiwa, na simu yangu ikaacha kupokelewa. Nilipokutana naye karibu na Soko la Kilombero alinisalimu kwa uchangamfu mkubwa, akaniuliza na habari za watoto.

Tangu siku hiyo nachukua nusu kabla ya kufungua faili, na kazi ya kuonja naituma ikiwa na mlio mdogo kila baada ya sekunde thelathini mpaka salio liingie kwenye simu. Lakini kosa langu kubwa zaidi lilikuwa kutoza kwa urefu wa kipindi kilichokamilika. Mteja alikuwa akiniletea rekodi ya saa tatu ili nimtolee dakika thelathini, nami nalipwa za dakika thelathini. Sasa natoza kwa dakika ya rekodi anayoleta, na marekebisho ni mara mbili tu, ya tatu ina bei yake. Baada ya kuanza utaratibu huo, wateja wamekuwa wakipanga maswali yao kabla ya kurekodi, jambo ambalo nilikuwa nimeshawashauri bure kwa mwaka mzima bila mafanikio.

Mama wa Soweto, Moshi

Nitasema kwa ufupi. Mashirika na miradi ndiyo inayolipa vizuri zaidi ukanda huu, na Arusha yenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika haikosi mikutano ambayo mtu fulani anatamani iwe podikasti. Ila hawakulipi kwa mazoea. Watataka ankara na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na watakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada yako ya huduma. Nilipoteza kazi moja kwa sababu TIN sikuwa nayo, na kuandikishwa ni bure. Dai pia cheti cha hiyo kodi iliyozuiwa, kwani utakihitaji wakati wa kufanya hesabu zako za mwaka.

Kijana wa Majengo, Moshi

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ndiyo kwanza naanza. Mteja wangu wa kwanza, ambaye kweli ni mjomba, anahoji watu walio mbali na wanamjibu kwa sauti za WhatsApp. Zinasikika kavu, kama zimebanwa. Je, kuna dawa?

Dada wa Rau, Moshi

Marahaba mdogo wangu. Dawa iko kwa anayerekodi, kwa sababu ile sauti WhatsApp imeshaibana ili isafiri kwa bando dogo, na kilichopotea hukirudishi kwa programu yoyote. Mwambie mjomba awaombe watu warekodi kwa kinasa sauti cha simu yenyewe, simu ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni, ndani ya gari lililozimwa na madirisha yamefungwa kama lipo, kisha faili walitume kama hati, kwa WhatsApp hiyohiyo. Likitumwa hivyo linafika kama lilivyorekodiwa. Mjomba mwenyewe kama anarekodia sebuleni, pitieni Memorial mnunue mablanketi mazito mawili ya mtumba mtundike ukutani nyuma yake na mbele yake. Ukishapata faili la kwanza la namna hiyo, nitumie dakika moja nisikilize.