Binti yangu wa miaka 15 ameandikiwa dawa ya sonona: nimpe au nisubiri?

Mama wa binti
Habari zenu. Daktari wa magonjwa ya akili amemwandikia binti yangu fluoksetini, miligramu 10 kwa siku, kisha 20. Karatasi iliyomo ndani ya boksi inaonya kwamba dawa za kundi hili zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa vijana, na tangu niisome sipati usingizi. Iweje dawa ya kumponya ndiyo imtie hatarini?

Mfamasia
Pole sana, dada. Onyo hilo ni la kweli, lakini lina vipimo vyake. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilijumuisha majaribio 24 ya watoto na vijana zaidi ya 4,400, ikabaini kwamba mawazo au vitendo vya kutaka kujiua viliwapata takriban 4 katika kila 100 waliomeza dawa, na 2 katika kila 100 waliomeza vidonge visivyo na dawa ndani yake. Katika majaribio hayo hakuna aliyekufa kwa kujiua. Mwaka 2007 onyo lilipanuliwa hadi umri wa miaka 24. Hatari huwa kubwa zaidi katika wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa, ilhali nafuu yenyewe huchukua wiki 4 hadi 6, na hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa. Kwa umri wa binti yako, fluoksetini ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko nyingine, na sonona isiyotibiwa nayo huua. Kichefuchefu na maumivu ya kichwa kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Kama katika ukoo wenu kuna mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, mwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza.

Niliyepitia
Mama, mimi nilianza dawa ya kundi hilo nikiwa na miaka 17. Siku ya tano nilishikwa na wahaka nisioweza kuueleza: miguu haikutulia, usingizi ulikata, nikawa mkali kwa kila mtu. Nyumbani walidhani ni utundu, kumbe ndiyo dalili iliyopaswa kufikishwa kwa daktari siku ileile. Alipopunguza dozi, nilitulia. Baadaye niliacha dawa ghafla kwa sababu nilijiona nimepona, nikapata kizunguzungu na mishtuko kichwani kama ya umeme. Tafadhali msiache bila kupangiwa namna ya kupunguza.

Mzazi mwenzako
Vidonge vikae kwako, mahali penye kufuli, umpe kimoja kimoja. Tena muulize waziwazi kama anawaza kujiua, kwa maana swali hilo halimpandikizii wazo, bali humfungulia mlango wa kusema. Akikiri, usimwache peke yake hata kidogo, mpeleke hospitali. Uliza pia kuhusu tiba ya mazungumzo, ambayo ikienda pamoja na dawa huwasaidia vijana wengi.

Mama wa binti
Asanteni kwa moyo wote. Nimezungumza na daktari. Atamwona kila wiki kwa mwezi wa kwanza. Nimemsomea binti yangu maelezo ya kijana aliyepitia, akasema kama miguu yake itakataa kutulia ataniamsha hata usiku wa manane. Tunaanza kesho asubuhi.