Mrejesho: vidonge vya probayotiki na U.T.I. inayojirudia
Miezi minne iliyopita niliwauliza kama vidonge vya probayotiki (vyenye bakteria hai wenye manufaa) vingenisaidia, baada ya U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo) kunipata mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Nawashukuru mlionijibu, hasa dada aliyenisihi nisinunue chochote kabla mkojo haujaoteshwa maabara. Ulipooteshwa walionekana bakteria wa E. coli, na majibu yakaja na orodha ya dawa zinazowaua, ambayo ile niliyozoea kujinunulia dukani haikuwamo.

Kuhusu vidonge, daktari alinieleza kwamba bakteria aina ya laktobasilasi hutunza uchachu wa uke na hivyo kuwabana vijidudu kama E. coli, lakini mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba), yaliyojumlisha tafiti 9 zenye washiriki 735, hayakuona faida ya wazi. Mtindi naendelea kunywa kwa kuwa naupenda, si kama dawa.

Alichosisitiza ni maji: niongeze lita 1.5 kwa siku, maana nilikuwa nikimaliza kichupa kimoja tu tangu asubuhi hadi jioni kwa kuchelea choo cha kazini (wanaokijua wataelewa). Sasa chupa kubwa iko mezani kwangu, na tangu hapo nimeugua mara moja tu.